Usukani Uliokuwa kwa Mtani

Shilingi milioni tatu, laki nne na elfu sitini, jogoo mmoja, beberu mmoja na ndoo ya asali ya lita ishirini. Hiyo ndiyo gharama yote ya kulirudisha barabarani gari la marehemu baba. Nimeijumlisha mara mbili, ya kwanza nikiwa na hasira na ya pili nikiwa nimeshiba, na jibu halikubadilika. Pesa sizijutii sana. Jogoo naye alikuwa haki ya mtu. Ila beberu na asali vilitokana na mdomo wangu mwenyewe.

Gari lenyewe ni pikapu ya dizeli ya Kijapani, kongwe kuliko wajukuu wote wa ukoo na baadhi ya wajomba. Baba aliinunua kwa pesa ya tumbaku huko kwetu Ipole, mwaka ambao tumbaku ilikubali. Ilibeba marobota, wagonjwa, wanakwaya, na mara moja bibi harusi aliyekataa kushuka mpaka vumbi lipanguswe kwenye gauni. Baba alipofariki, miaka tisa sasa, iliegeshwa pembeni ya bani, banda la kukaushia majani ya tumbaku, ikaanza kuzama taratibu kwenye mchanga kama kuku anayeatamia.

Mama hakuwahi kukubali iuzwe. Yeye anafuga nyuki. Mizinga yake iko porini, mingine aliachiwa na baba, mingine kaichonga kwa vibarua. Asali yake naiuza mimi Tabora mjini, kwenye kibanda changu karibu na soko. Shida ni njia ya kutoka Ipole mpaka mjini. Lori linalopita kijijini msimu wa kurina asali linachukua ndoo moja katika kila tano kama nauli, na dereva ndiye anayechagua ndoo. Mama alikuwa na neno moja tu: asali yake ibebwe na gari lake. Kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alikuwa na neno lingine. Watu wa chuma chakavu walimwahidi laki sita, na yeye alitaka kumwezekea mama mabati mapya. Si mtu mbaya. Anapenda tu vitu vinavyoisha.

"Nakupa mpaka mama aanze kurina," aliniambia kwenye simu. "Likiwaka, libaki. Lisipowaka, napiga simu lije kukatwa."

Mama aliambiwa, akakubali kwa kunyamaza. Tangu siku hiyo kila nilipoongea naye aliniuliza habari za kibanda, habari za watoto, halafu hakati simu. Nilijua anachosubiri.

Nilikuwa na milioni mbili na laki nne. Nikapanga kama ninavyopanga mzigo: naandika kila kitu kwa bei ya dukani, kisha nakata theluthi, maana sijaona bei ya dukani isiyo na theluthi ya mapambo. Matairi manne ya mtumba. Betri. Pampu ya dizeli. Breki, radieta, kuchomelea bodi pale kutu ilipokula, kulivuta gari kutoka Ipole mpaka mjini. Rangi niliifuta mapema. Asali haijali imebebwa na gari la rangi gani. Mwishoni kabisa nikaandika usukani.

Gari halikuwa na usukani, na sababu yake inanirudisha msibani.

Siku tuliyomzika baba alikuja fundi mmoja wa magari kutoka Tabora mjini, Mzaramo wa Kisarawe aliyekuja bara kikazi, akaoa, akasahau kurudi pwani. Alikuwa amelitibu gari la baba kwa miaka mingi. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na pembe za ndovu mabegani, na mtani akija msibani hakai kimya. Alilia kwanza kilio cha uongo, akisema marehemu amekimbia kwa kumwogopa yeye. Kisha akachukua spana, akaingia kwenye pikapu, akatoka na usukani. Akauzunguka uwanja mzima akiendesha hewa, anapiga honi kwa mdomo, anawafungia breki wazee waliokaa mkekani.

"Pisheni njia! Marehemu kaniachia gari! Nyie Wanyamwezi mmezoea kutembea, tembeeni!"

Mama alicheka. Alikuwa hajala wala kusema tangu jana yake, na alicheka mpaka akafunika uso kwa kanga.

Kitu kilichochukuliwa hivyo kinakombolewa. Watoto wa marehemu wanatoa jogoo au pesa kidogo, mtani anajifanya hajaridhika, anarudisha, yameisha. Sisi tuko watatu, na kila mmoja aliamini mwenzake ameshatoa. Matanga yakaanuliwa, wageni wakaondoka, na mtani akaondoka na usukani. Akautundika ukutani kwenye gereji yake. Miaka yote hiyo, kila nilipopita pale kwa miguu alipiga honi kwa mdomo.

Kwa hesabu zangu, kwenda kuukomboa kulikuwa na hatari. Mtu aliyekaa na mali yako miaka tisa hana bei inayojulikana, na mimi siingii kwenye duka lisilo na bei. Usukani wa mtumba mjini ulikuwa elfu sabini. Nikaushusha mpaka arobaini na tano, nikaondoka nao kwapani kama niliyeshinda kesi ya kiwanja. Nikakodi lori la kuvutia gari, nikatoa malipo ya awali elfu themanini, nikaenda Ipole.

Mama alikuwa mlangoni anapepeta karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huo wa nani?"

"Usukani. Wa gari."

"Wa gari uko Tabora kwa mtani wetu."

"Huu nimenunua, mama. Walitaka sabini, nimetoa arobaini na tano."

"Hata kama ungeuokota ningekuuliza vilevile." Akaweka ungo chini, akaenda kukaa kwenye bampa la pikapu, mikono magotini. "Mtu alikuja kunichekesha siku namzika mume wangu. Akachukua kitu mbele ya watu wote, nasi tukamwacha nacho. Leo unampita kwa nyuma unanunua kingine? Hapo umesema mtani wetu ni mwizi. Na umesema sisi ni watu wa kuzika bure."

"Mama, kaka anasubiri tushindwe."

"Najua anachosubiri. Gari hili halitoki hapa mpaka usukani wake urudi."

Dereva wa lori aliyekuwa akisikiliza alishuka, akanihurumia vizuri sana, akabaki na ile elfu themanini yote. Nikarudi mjini na usukani mgeni kwapani. Bado ninao. Mwenye kuuhitaji tuongee.

Kesho yake nilikwenda gereji. Mtani alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu inaonekana.

"Shikamoo mtani."

"Marahaba, punda wangu," miguu ilijibu. "Leo umekuja kubeba nini?"

"Nimefuata usukani wetu."

Akajitoa chini ya gari, akajifuta mikono polepole. "Usukani wenu? Mimi nina usukani wangu wa urithi, ule pale. Wenu sijauona."

"Sema unachotaka."

"Jogoo."

Hapo ningesema sawa, mambo yangeisha kwa elfu ishirini na tano. Lakini mdomo una mazoea yake, na wangu umefanya kazi sokoni miaka kumi na saba.

"Jogoo wa nini, bwana? Wenyewe umepauka, ngozi imebanduka. Shika elfu kumi ukanywe soda."

Akatabasamu kama mtu aliyeona basi lake linafika. "Jogoo na beberu."

"Mtani!"

"Jogoo na beberu. Umetukana urithi wangu."

"Beberu wa siku hizi bei yake unaijua wewe? Haya, basi, jogoo na mtetea wake."

"Jogoo, beberu na ndoo ya asali. Ile kubwa. Nasikia unauza."

Nikaona nijitoe kwa utani. "Ndivyo mlivyo! Babu zenu walikaa chini ya minazi wakisubiri sisi tuwaletee pembe. Hata kubeba kuliwashinda!"

Mafundi wote wakaacha kazi.

"Na wenu," alisema, "walitembea miezi mizima kutoka hapa mpaka baharini, walipofika wakauliza nani kamwaga chumvi kwenye maji mengi hivi. Tukawaonea huruma tukawalisha. Gharama za chakula kile ndiyo nadai leo."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha nati kwenye injini ya mteja. Wakati huo simu yangu ikaita, mama. Mtani akanyoosha mkono akabonyeza spika bila kuomba ruhusa.

"Amesemaje?" mama aliuliza.

"Alianza na jogoo, mama."

"Na sasa?"

"Jogoo, beberu na ndoo ya asali."

Mama akasema, "Mlipe kabla hujafungua mdomo tena. Tutabaki bila ng'ombe."

"Kumbe na ng'ombe mnao?" mtani aliuliza.

Nikafunga mdomo, na kazi hiyo sijawahi kulipwa. Sokoni ukishusha bei unamwambia muuzaji kwamba una akili zako. Kwa mtani ukishusha bei ya kitu cha msibani, unasema marehemu wenu alikuwa wa bei ndogo, na yeye anakukatalia kwa niaba yenu. Hilo nililielewa baadaye. Pale gereji nilielewa tu kwamba beberu ni elfu tisini.

Jumamosi hiyo tulikwenda wote Ipole. Mtani alikataa kuufunga usukani kwenye gunia. Aliuchukua mbele ya watu, alisema, na ataurudisha mbele ya watu. Basi liliposimama aliteremka nao shingoni, akaendesha hewa kutoka barabarani mpaka kwetu, anapiga honi, na kijiji kikatoka. Wanawake walipiga vigelegele. Wazee walewale aliowafungia breki siku ya msiba, waliobaki hai, walisogea pembeni kwa heshima zote. Beberu wangu aliliwa na watu ambao sikuwa nimewapangia bajeti. Nilihesabu sahani, kisha nikaacha kuhesabu, maana mama alikuwa akiniangalia.

Mtani alifungua mlango wa pikapu ili arudishe usukani, akaufunga tena haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya lolote.

"Mama! Gari lina wapangaji!"

Nyuki walikuwa wamejaa nyuma ya kiti, kundi zima, masega yamefuata mgongo wa kiti kutoka juu mpaka chini. Mama hakushangaa. Alijua siku zote.

"Mlidhani limekaa tu?" alisema. "Kila mwaka linanipa ndoo moja."

Jioni aliwahamisha yeye mwenyewe kwa moshi wa magome, akawaingiza kwenye mzinga mtupu kwa upole wa mtu anayehamisha mtoto aliyelala. Mtani alitazama akiwa ndani ya nyumba, dirishani. Kisha, watu wote wakiwa bado uwanjani, akauvika usukani mahali pake, akakaza nati, akamkabidhi mama spana. Aliitoa kwa mikono miwili. Mama alipanda, akaweka mikono yake juu ya usukani kwa muda, akashuka, akaenda kuona kama wageni wamepata maji ya kunawa.

Kuanzia hapo mipango ikaanza upya, maana mtani alisema gari hilo haligusi fundi mwingine. Tukalivuta mpaka gerejini kwake, tukakaa na bajeti yangu. Aliisoma, akaniuliza hizo bei nilizipata kwenye ndoto gani.

"Tunaanza na breki," alisema.

"Gari haliwaki. Tunaanzaje na breki?"

"Likiwaka utaondoka nalo bila breki. Nakujua wewe."

Ndicho nilichokuwa nimepanga. Breki niliziweka mwishoni, baada ya asali ya kwanza kuuzwa. Basi tukaanza na breki, laki mbili na ishirini, na gari bado halijatoa hata moshi. Mama akauliza kwenye simu tumefikia wapi. Nikamwambia sasa linaweza kusimama. Akasema hata pembeni ya bani lilikuwa linaweza.

Pampu ya dizeli ndiyo iliyotaka kutuua. Mpya ilikuwa bei ya gari lenyewe. Mtani akasikia kwamba Urambo, kwa mkulima mmoja wa tumbaku, kuna pikapu kama yetu iliyopata ajali, injini nzima. Tukapanda treni. Mzee mkulima alikuwa ameigeuza banda la bata. Bata walilala kwenye kiti cha dereva, na bodi ilikuwa imefunikwa na magunia. Tukasalimiana, tukaongea mvua, tukaongea bei za tumbaku, tukanywa uji. Sikuitaja pampu. Nilisifia bata.

"Umekuja kununua bata?" mzee aliuliza mwishowe.

"Hapana, baba. Ila naona wamebanwa. Ukitoa ile injini wangepata nafasi."

Alinitazama, akamtazama mtani. "Huyu umempata wapi?"

"Tumemrithi," mtani alijibu.

Nilipata pampu, radieta, noseli zote za kupulizia dizeli na mlango wa kushoto kwa laki tatu na nusu, na mzee akatupatia bata mmoja wa njiani. Ukiacha ule usukani mgeni, hapo tu katika safari hii yote ndipo niliposhusha bei na ikashuka. Nilitembea kituoni Urambo kifua mbele. Mtani akanikumbusha kwamba mlango tulionunua tutaubeba wenyewe mpaka kwenye treni, na kwamba kubeba ni fani ya ukoo wetu. Nikabeba.

Pesa zangu ziliisha kabla ya betri. Nikauza friji ya kibandani, nikakopa kwa mdogo wangu, nikaweka rehani vitu ambavyo mume wangu atavisoma hapa kwa mara ya kwanza. Ufundi mtani alinitoza nusu ya bei yake. Nusu aliyonisamehe aliitaja kila asubuhi. Matairi yalitoka Bukene kwa mtu aliyeyaapia kwa watoto wake, na matatu kati ya manne yalikuwa kama alivyoapa.

Porini maua yalishaanza kukauka. Mama alikuwa ameosha ndoo zake na kuzianika, na kaka alikuwa ameshauliza mara mbili kwa ujumbe mfupi, mara ya pili bila salamu.

Liliwaka asubuhi moja gerejini, likakohoa, likazima, likawaka tena, likatoa moshi mweusi uliowafukuza wateja wa mama lishe wa jirani. Halafu likatulia, likanguruma kwa ile sauti niliyoisikia utotoni nikiwa kitandani, baba akitangulia sokoni. Nilimpigia kaka, nikaisogeza simu kwenye injini.

"Hiyo ni video?" aliuliza.

"Njoo uiguse, utaungua."

"Basi libaki," alisema. Baadaye kidogo akauliza, "Lina honi?" Mtani akampigia ya mdomo, kwa sababu honi ya gari tulikuwa tumeitoa kwenye bajeti.

Mama alirina wiki iliyofuata. Ndoo zake zote zilifika kibandani kwangu, zote, hakuna iliyobaki na dereva wa lori. Alikuja nazo mwenyewe, amekaa mbele, kiti bado kinanukia nta. Alizihesabu zikishushwa. Mimi nilizihesabu baada yake. Tulipata idadi moja, tukaangaliana tukacheka.

Lakini gari halijiendeshi. Mimi sijui kuendesha. Maisha yangu yote nimelipa nauli na kuipunguza. Kijana wa Ipole anayetuendeshea anataka elfu thelathini kila safari, chakula, na chupa ya asali. Safari ya tatu mama alipiga hesabu, akaona kwamba kijana huyu akiendelea atakula sawa na lile lori, tofauti ni kwamba yeye anasalimia. Akaniita pembeni.

"Mtani wetu anaweza kufundisha mtu?"

"Nani, mama? Mimi?"

"Wewe una kibanda."

Mama ana miaka sitini na nane. Amepanda juu ya miti kutundika mizinga mpaka juzi, macho yake yanaona nyuki mmoja kwenye ua la mbali, na barabara ya kwetu haina magari ya kuogopa, ina ng'ombe. Mtani amekubali kumfundisha bure, akisema anataka aishi aone Mnyamwezi akiacha kutembea. Kaka amesema tumepagawa, kisha akatuma pesa ya leseni ya kujifunzia bila kuambiwa. Tatizo limebaki moja, na hilo mimi na mtani tumelijadili tukashindwa. Mama ni mfupi. Akikaa akaona barabara, mguu wake wa kushoto haufikii klachi vizuri. Akifikia klachi, anaona dashibodi tu. Kiti kimeganda mahali pake, reli zake zimeliwa na kutu, na kiti kingine wanataka laki moja na themanini, ambazo sina. Tumejaribu mto mmoja mgongoni na mmoja chini, ikateleza. Mwenye kujua namna ya kumkalisha mtu mfupi kwenye pikapu ya zamani bila kununua kiti, iwe kwa mbao, sponji au kuchomelea kipande kwenye pedali, naomba sana anishauri, na anishauri mapema. Mama ameshapanga kuanza Jumatatu.